Shahidi wa Pili

Waliiona wote wawili. Hilo tuliweke wazi mapema, maana baadaye lilikuja kukanwa zaidi ya mara moja, na kila aliyelikana alijua vizuri anachokikana.

Ilikuwa jioni, jua limeshazama lakini giza bado linasitasita. Mtoto wa mwisho alikuwa amechukuliwa na baba yake, na Mama Wengi alikuwa uani akianua shuka ndogo ndogo. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alilea watoto wa watu mchana kutwa, wazazi wakiwa kazini: wenye kamasi, wenye kung'ata, wenye kulia mpaka mama arudi. Wa kwake mwenyewe hakuwa naye. Mumewe, fundi wa mafriji, alisimama kando ameshika beseni la vibanio, bado ana hasira na mteja wa mchana.

"Hata hakutaka kujua gesi ilivujia wapi," alikuwa akisema. "Eti tengeneza tu, usinieleze. Mtu unamfundisha kitu cha maana, yeye anachezea simu."

"Hebu nyamaza kwanza. Angalia kule."

"Wapi?"

"Juu ya tangi la maji. Ghorofa la pili kutoka kwetu."

Taa ilikuwa pale, rangi ya chungwa, haimetimeti, haina mlio. Ilitulia juu ya tangi kana kwamba imewekwa na mtu. Kisha ikahama kwenda pembeni, taratibu, sawasawa, mfano wa droo inapofungwa. Ikasimama tena. Halafu ikazimika.

Mama Wengi alikuwa amemshika mumewe mkono, na vibanio vyote vilikuwa chini. Walitazamana, wakaanza kucheka kile kicheko cha watu walioogopa wakagundua bado wako hai. Walikuwa hawajacheka hivyo pamoja siku nyingi.

"Umeiona?"

"Nimeiona! Ee bwana wee, nimeiona kwa macho yangu haya!"

"Sasa nani atatuamini?"

Fundi alitaka kujibu. Kicheko kilimwisha mdomoni. Alianza kuokota vibanio kimoja kimoja, na mkewe alimjua: akiokota vitu namna hiyo, ana jambo.

Mimi sina neno na watu wa kuangalia juu. Fundi alikuwa mwanachama wa kundi la kujitolea lililojiita Macho Juu, na mtaa, kwa kejeli zake, ukawaita Watu wa Shingo. Ukiona kitu cha ajabu angani unawapigia, nao wanakuja na dira, futi kamba, darubini na maswali. Hawalipwi hata nauli. Na walikuwa watu makini, tusiwaonee: karibu kila taa waliyoitiwa waliipatia maelezo. Mara nyingi ilikuwa sayari ya Zuhura tu, inajipendezesha. Mara moja ilikuwa bati jipya la jirani. Mara nyingine ilikuwa puto lililowekewa mshumaa, na aliyelirusha alikuwa mmoja wa waliopiga simu. Zilizobaki bila maelezo zilikuwa chache mno, na hizo walizilea kama mboni ya jicho.

Tena walikuwa na sheria yao moja isiyochezewa: mchunguzi hawi shahidi. Mwanachama akiona kitu mwenyewe, anahamia upande wa mashahidi, anahojiwa kama raia mwingine, na kesi hiyo haigusi tena. Sheria nzuri kabisa. Ilitungwa kwa sababu mwanzoni kila mwanachama alikuwa akiona vitu, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza mwenzake.

Fundi hakuwahi kuongoza kesi. Kazi yake siku zote ilikuwa kubeba ngazi. Na sasa kulikuwa na mkutano unakuja, makundi ya miji mingine yangefika kusikiliza kesi bora, na anayeiongoza ndiye anayesimama mbele. Watu wangekaa kimya wamsikilize, hakuna wa kumwambia usinieleze.

"Mke wangu," alisema akiwa bado amechutama. "Tuseme umeiona wewe."

"Si tumeiona wote?"

"Ndiyo, lakini nikisema hivyo kesi wananinyang'anya. Watampa kinyozi. Kinyozi! Yule hata dira anaishika juu chini!"

Mama Wengi alicheka tena. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala. Nimerudi kazini hoi, nikajilaza."

"Saa hizi? Mtu mzima?"

"Kwani watu wazima hawalali? Mama, nisaidie. Ni jambo dogo tu."

Alikuwa na uso wa mtoto anayeomba abebwe, na Mama Wengi nyuso hizo zilikuwa kazi yake. Isitoshe alikuwa na furaha. Akamtupia shuka kichwani.

"Haya. Umelala."

 

Jumamosi wakaja. Mbele alikuwa Mwenyekiti, ambaye siku za kazi aliuza miwani, mtu mpole mwenye vifungo vilivyofungwa mpaka shingoni. Nyuma yake kinyozi na darubini, na nyuma kabisa vijana wawili wa kushika futi. Fundi aliwapokea langoni kwake mwenyewe kama mwenyeji wa kiserikali. Ngazi ilibebwa na mtu mwingine.

Walimsimamisha Mama Wengi palepale kwenye kamba ya nguo. Mwenyekiti akampa sarafu.

"Nyoosha mkono, shemeji. Funga jicho moja. Sasa kumbuka ile taa. Sarafu inaifunika?"

"Inaifunika, lakini kwa shida."

"Kwa shida," Mwenyekiti alirudia kwa furaha. "Mnasikia? Hiyo ndiyo lugha ya mtu aliyeona."

Fundi alipima kutoka kambani mpaka ukutani, akapima tena kutoka ukutani mpaka kambani, uzito usoni kama anagawa urithi. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mama Wengi aliona aibu kidogo kusimama uani kwake jicho moja limefungwa, lakini alimwona mumewe anatoa amri na watu wanatii, akavumilia.

"Unavaa miwani?"

"Hapana."

Mwenyekiti alionekana kusikitika, kibiashara. "Unakunywa kileo?"

"Sinywi."

"Dawa za usingizi?"

Shingo ya Mama Wengi ilipata joto. "Situmii."

"Usikasirike, shemeji. Tunauliza kila mtu. Mimi mama yangu mzazi nilimuuliza kama amelewa, mpaka leo ananikumbusha." Alisubiri watu wacheke, wakacheka. "Sasa la mwisho. Kuna mtu mwingine aliyeiona?"

Mama Wengi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa amezama kwenye futi kamba, anatafuta kitu kwenye tarakimu zake.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

"Na mwenzako?"

"Alikuwa amelala."

Kinyozi alipiga paja. "Fundi bwana! Siku zote tunaitafuta mpaka porini, yenyewe ikaja uani kwako, na wewe unakoroma!"

Walicheka mpaka darubini ikayumba. Fundi naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Mama Wengi akaingia ndani kuchukua chai.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipomvuta fundi kando, karibu na friji bovu lililofanywa kiti. Aliteremsha sauti. Kinyozi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anakunja miguu ya darubini.

"Wewe ndiye kiongozi wa kesi, kwa hiyo nakuuliza wewe. Shahidi ni mmoja. Kuna lolote juu yake ambalo likijulikana baadaye litatuaibisha? Mkutano ule una watu wa kuchimbua, unawajua."

Angesema hakuna. Neno moja, lisingemkata ulimi. Lakini fundi alikuwa ameshadanganya mara moja, na uongo ule ulikuwa unamwasha tangu asubuhi. Akataka kuupoza kwa ukweli. Akachukua ukweli uliokuwa karibu, nao haukuwa wake.

"Aliwahi kulazwa," alisema.

"Kwa maradhi gani?"

"Wodi ile ya... ya akili. Mtoto wetu alipofariki. Alikuwa anamsikia analia. Anaamka anakwenda kumtafuta, mpaka barabarani."

Mwenyekiti alimshika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Nani anajua?"

"Mimi na mama yangu mzazi tu. Watu tuliwaambia amekwenda kwa dada yake kupumzika."

"Itabaki ndani ya kundi," alisema Mwenyekiti, na aliamini asilimia mia maneno yake. Watu wapole ndivyo walivyo, wanaamini ahadi zao wenyewe.

Mama Wengi alitoka na sinia la chai. "Mbona kimya hivyo? Mmefiwa?"

"Hapana, shemeji," alisema kinyozi haraka, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Hakuwahi kumpokea kitu kwa mikono miwili kabla ya siku ile.

 

Mwenyekiti alirekodi maoni yake dukani, katikati ya miwani, akayatuma kwenye kundi la simu. Sauti yake ilikuwa safi, anatamka kila herufi: kesi ina shahidi mmoja, shahidi huyo ana historia ya kulazwa kwa ugonjwa wa akili, akisikia sauti ambazo hazipo, kwa hiyo anapendekeza kesi iwekwe kando kwa heshima zote.

Kinyozi aliisikiliza akiwa kazini. Mikono yake ilikuwa kichwani kwa mteja, akaiweka simu kwenye rafu ya mafuta, sauti juu, kama alivyosikiliza kila kitu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mteja aliyekuwa kitini, amejaa povu mpaka masikioni, alikuwa baba wa mapacha wawili waliolelewa kwa Mama Wengi.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alifika langoni mikono mitupu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uko peke yako? Wako wapi watu wangu?"

"Wako kwa bibi yao. Wana mafua."

"Wote wawili?"

"Wote. Unajua pacha."

"Si ungewaleta tu? Mafua yao nayajua mimi kuliko daktari."

"Hapana, dada, usisumbuke." Mama Pacha alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Mama Wengi, ndani, kwenye kona za chumba. "Nimepita tu kuchukua magodoro yao. Nataka kuyaanika."

"Nimeyaanika jana."

"Basi nitayaanika tena."

Mama Wengi aliyatoa, na sabuni ilikuwa bado inanukia. Hakuelewa. Alidhani labda amemkosea, akapitisha siku nzima akijiuliza ni lini.

Siku iliyofuata mzazi mwingine alituma ujumbe kwamba mtoto amekua sasa, anahitaji shule.

"Amekua tangu Ijumaa?" Mama Wengi alimuuliza mumewe.

"Watoto wanakua haraka," alijibu fundi, akainama kufunga viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.

Mwingine alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akakataa kuketi. Alipomnyanyua mwanawe alimgeuzageuza, akamkagua mikono na mgongo kama embe la sokoni. Mama Wengi alitazama ukaguzi ule mpaka mwisho na bado akasema kwaheri ya kuonana. Hela ya mwezi walimwachia wote, tena bila kudai chenji, na hilo lilimuuma kuliko kama wangegombana.

Akabaki mtoto mmoja, binti wa muuza mboga. Siku nzima alikalia vichezeo vyote peke yake na havikumfurahisha. "Wenzangu wako wapi?" aliuliza. Jioni mama yake alipomfuata, alikaa chini kabla hajakaribishwa.

"Mimi kukuficha siwezi, dada yangu. Sikulala jana. Wanasema ulilazwa na vichaa. Wanasema ulikuwa unasikia watoto."

Mama Wengi alikuwa ameshika kandambili ndogo, moja. Aliendelea kuishika.

"Nani kasema?"

"Mimi kaniambia Baba Pacha. Kaisikia kwa kinyozi, kwenye simu."

"Simu ya nani?"

"Ya lile kundi. Kundi la mume wako." Muuza mboga alimeza mate. "Ni kweli?"

"Si watoto," alisema Mama Wengi. "Nilimsikia mmoja. Wangu."

Muuza mboga alilia, alimkumbatia, alimlilia begani kwa uchungu wa kweli kabisa. Kesho yake hakumleta mtoto.

 

Fundi aliporudi alimkuta mkewe katikati ya chumba cha watoto, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamepanda mpaka kifuani.

"Uliwaambia."

Hakuuliza nini. Aliweka mfuko wa vifaa chini polepole.

"Waliniuliza, mke wangu. Nilikuwa kiongozi wa kesi. Ulitaka nidanganye?"

Mama Wengi alicheka, na kicheko kile hakikuwa na undugu na kile cha uani. "Wewe? Udanganye? Mungu apishe mbali! Wewe ulikuwa umelala!"

"Hilo ni jambo jingine."

"Siku uliponitoa hospitali uliniambia nini? Kwenye ngazi pale. Sema."

"Mama..."

"Sema kwa mdomo wako!"

"Nilisema itabaki ndani ya nyumba hii."

"Nami nikakuamini. Mtu mzima na akili yangu iliyotoka kupona, nikakuamini. Watu wanafunga milango kuogopa wa nje. Mimi wa kunianika nalala naye shuka moja!"

"Mwenyekiti alisema itabaki ndani ya kundi."

"Kundi! Kwani nimeolewa na kundi?"

Fundi alifuta uso. Ni kweli alikuwa na majuto, sitamdhulumu hilo, lakini majuto yake yalikuwa yanajitetea bado. "Ningeficha, halafu wangegundua mkutanoni..."

"Uongo wako ulikuwa wa kukupandisha wewe. Ukweli wako ukawa wa kunishusha mimi." Alisimama, na kiti kile kidogo kikang'ang'ania gauni lake, akakibandua kwa hasira. "Sikiliza. Jumapili mna kikao. Nataka kitu kimoja tu. Usimame useme tulikuwa wawili. Useme uliiona. Basi. Kama wameshajua niliwahi kuugua, wajue pia siku ile sikuwa mgonjwa."

"Watanifukuza."

"Mimi nimeshafukuzwa, na sijatoka humu ndani."

"Nitasema," alisema fundi. "Naapa."

Alikuwa na nia. Jumapili alipiga pasi shati mwenyewe, akarudiarudia maneno barabarani kama mtoto aliyetumwa dukani. Kikao kilifanyika nyuma ya duka la miwani, wanachama wamekaa kwenye makreti. Walizungumzia bati, walizungumzia Zuhura. Mwishoni Mwenyekiti akasema, "Kesi ya uani kwa fundi. Tunaifunga, shahidi mmoja, na hali yake mnaijua. Kuna wa kuongeza?"

Fundi alinyoosha mkono.

Watu wakanyamaza, nyuso zote zikamgeukia. Hicho ndicho alichokuwa akikitamani miaka yote, kusimama watu wakangoja aseme. Aliwaona: kinyozi, ambaye angemcheka, vijana wa futi, waliokuwa wameanza kumwita mkuu, Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kudanganywa na mwanachama. Maneno yote yalikuwa yapo, ameyapanga, yamesimama kwenye mstari.

"Nilitaka kujua," alisema, "ile darubini wiki hii inakaa kwa nani."

"Kwa kinyozi," wakamwambia.

Mama Wengi alikuwa anamsubiri langoni. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, maana aliwaza kwamba pengine, baada ya maneno kusemwa, mtu mmoja wawili wangekuja kumwona.

"Umesema?"

"Nafasi haikupatikana."

Alitikisa kichwa, akaingia, akabadilisha gauni, akampakulia chakula kikiwa cha moto. Fundi alikula mpaka akamaliza, na hakuna aliyemuuliza kama ameshiba.

 

Nyumba ilikaa kimya baada ya hapo, hata bomba likivuja unalisikia. Mama Wengi alianza kwenda kufua kwa watu, mtaa wa mbali, wasikomjua. Kwa mumewe alisema yaliyo ya lazima: gesi imekwisha, mama yako amepiga simu. Fundi alijaribu mizaha yake ya zamani, ikaanguka sakafuni ikabaki pale. Alikuwa akisema sana "siku moja nitawaambia," mpaka akaacha kwa kuona haya.

Jioni moja Mama Wengi alikuwa jikoni anaosha vikombe vidogo vya watoto. Muuza mboga alikuwa amemtafutia mteja, mtu anafungua kituo cha kulea, anataka vyombo. Jua lilikuwa limezama. Ghafla mtaa ukalipuka kwa kelele.

"Ile pale! Jamani, ile pale!"

"Juu ya tangi! Angalieni juu ya tangi!"

Fundi alitoka mbio, kandambili moja imebaki ndani. Watu walijaa barabarani, simu juu. Taa ilikuwa palepale, rangi ile ile ya chungwa, imetulia kama mgeni aliyesahau kitu akarudi. Kinyozi alifika na mkasi mkononi, na mteja wake nyuma, amenyolewa upande mmoja. Mwenyekiti alifika anahema, vifungo viwili vya juu vimefunguka. Vijana wa futi walifika bila futi. Wote walisimama na midomo wazi, na jioni hiyo Macho Juu wote wakawa mashahidi, hakubaki mchunguzi hata wa dawa.

"Ndiyo yenyewe!" Fundi alipiga kelele. "Ndiyo hii hii! Kwanza inatulia, halafu itakwenda pembeni!"

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kukimbilia mlangoni. "Dada! Dada, toka uone! Kumbe ulisema kweli! Tusamehe, dada, toka!"

Watu wakamfuata, uani pakajaa. Wale wale wazazi. Mmoja wao amembeba mtoto, na mtoto akaita "Mama Wengi!" kwa sauti ya kawaida, kama vile ni jana tu.

Mama Wengi alitokea mlangoni, kitambaa mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Mwenyekiti aliondoa miwani.

"Shemeji, nakuomba radhi mbele za watu. Tulikukosea. Sasa tusaidie: tazama, utuambie kama hii ndiyo uliyoiona siku ile."

"Ndiyo hii!" Fundi alijipenyeza mbele, machozi yanamtoka. "Niulizeni mimi! Tulikuwa wote! Nilishika beseni la vibanio, likaanguka! Tuliiona wote wawili!"

Simu mbili tatu zikamgeukia.

"Wewe ulikuwa umelala," alisema Mwenyekiti.

"Sikulala! Nilidanganya. Nilitaka kesi. Muulizeni mke wangu, si huyu hapa? Mwambie, mke wangu. Waambie!"

Walitaka neno moja tu kutoka kwake. Neno hilo lingemfanya mpenzi wa mtaa mpaka asubuhi, na Mama Wengi alilijua hilo, wala si mjinga. Lakini aliutazama pia ule mkono wa mama aliyembeba mtoto, jinsi ulivyombana mtoto alipotaka kushuka amkimbilie. Taa ilikuwa imerudi. Wodi ilikuwa haijaondoka. Watu hawa wangesema aliona kweli, maskini, pamoja na ugonjwa wake, halafu wangewapeleka watoto kwingine. Wa kusafishwa na neno lile alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama mbele yake anaomba, na uso ule ule wa mtoto anayetaka abebwe.

Hakunyanyua macho. Alikikausha kikombe ndani, akakikausha nje.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa nimelala."

"Mke wangu!"

"Shemeji," Mwenyekiti alichanganyikiwa, "mwenzako anasema mlikuwa wote."

"Labda aliota."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Nje, juu ya tangi, taa ilihama kwenda pembeni, taratibu, ikasimama, ikazimika, na watu wakashusha pumzi na simu zao kwa pamoja. Wengine wakaanza kuondoka wakibishana.

Mwenyekiti alifunga vifungo vyake, cha kwanza, cha pili. Alivaa miwani. Alipomgeukia fundi alikuwa na ile sauti yake ya kazi, ya upole, aliyowahojia watu wote.

"Fundi. Hiyo siku ya kwanza unayoisema. Kuna mtu mwingine aliyeiona?"

Fundi aliutazama mlango wake. Ndani vikombe vilikuwa vinapangwa, kimoja juu ya kingine.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa peke yangu."